Leo ya Mwaka Jana

Mama Habari alikuwa barazani akipiga cherehani aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Ilisema daraja jipya la kaskazini limefunguliwa leo, na kwamba wananchi waliofika kushuhudia walilivuka kwa nderemo na vifijo. Mteja aliyeleta sketi ishonwe pindo aliinua kichwa, akatazama kwa kinyozi, akamtazama yeye, kisha akajifanya anatafuta kitu mkobani. Daraja hilo lilikuwa limeshasombwa na maji, na mteja huyo huyo alikuwa amevuka mto kwa miguu asubuhi ile, akajikwaa kwenye mawe, ndiyo maana pindo likararuka.

"Umesoma vizuri," mteja alisema mwishowe.

"Ahsante," Mama Habari alijibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mtoto hakuwa naye. Jina hilo alipewa na mji mzima, enzi zile redio ya mji ilipokuwa redio kweli na yeye msomaji wake. Walikuwa watu wachache katika nyumba ya vyumba vitatu yenye mnara uani, na mji uliwategemea kwa kila kitu: bei za mazao, mitihani, misiba, mbuzi waliopotea na waume waliopotea. Magazeti yalifika yakiwa yamechelewa, na wengi waliyasoma yakiwa yamefungia misumari au sukari. Simu zenye kufungua mtandao walikuwa nazo wachache, na mtandao wenyewe ulikuja ulipopenda. Kwa hiyo mtu akitaka kujua lililotokea, alimsikiliza Mama Habari. Akilisema yeye, limekwisha.

Kisha akaja Tajiri, mtu ambaye Mungu alimnyima aibu akampa akiba. Alikinunua kituo, akawaita wafanyakazi uani chini ya mnara, akawashukuru kwa maneno matamu, akawaachisha kazi wote kasoro Fundi. Redio hakuitaka. Alichokitaka ni masafa, ayaweke hadi yapande bei, jinsi wengine wanavyoweka mahindi ghalani. Ila sheria ya nchi ilisema kituo kikinyamaza kinanyang'anywa masafa yake. Basi Tajiri akamwagiza Fundi akusanye kila kilichowahi kurekodiwa pale, akimiminie kwenye kompyuta moja, na kompyuta iwe inajichagulia yenyewe cha kurusha, usiku na mchana. Kazi ya Fundi ikabaki kufuta vumbi na kutia mafuta kwenye jenereta.

Hapo ndipo mji ulipoanza kuishi na mizimu, na wala si kwa kutia chumvi. Mwalimu mkuu aliyezikwa alisikika akiwapongeza wanafunzi waliofaulu. Mvua zilizokwisha kunyesha zilitangazwa kuwa ziko njiani. Muuza nyama mmoja wa sokoni, aliyefiwa na mkewe, alikuwa anaacha kisu mezani na kusimama wima kila kipindi cha salamu kilipoanza, maana hakujua ni lini kompyuta ingempa tena sauti ya mkewe ikimsalimu yeye na wote wanaomfahamu. Ilipotokea, wateja walisubiri kimya na hakuna aliyelalamika kuhusu foleni.

Na yote hayo yalikuwa "leo". Hiyo ilikuwa desturi ya kituo tangu siku ya kwanza. Umeme ulikuwa wa kukatikakatika, na taarifa iliyosomwa asubuhi ililazimika kurudiwa jioni, pengine na kesho yake. Mkuu wa kwanza wa kituo, marehemu sasa, alipiga marufuku tarehe kutajwa hewani, mtu asije akaonekana anakula kiporo. "Kwenye redio hii ni leo tu," alikuwa akiwaambia. Msomaji akiteleza akataja tarehe, alirudishwa kurekodi upya. Hawakumwona kuwa mjinga. Wakati ule mambo yalikwenda sawa, kwa sababu kulikuwa na watu ndani ya nyumba ile waliojua leo ni ipi.

Mama Habari alijifunza kupita mjini na sauti yake ikimfuata. Ilikuwa kwa kinyozi, ilikuwa kwa fundi baiskeli, ilikuwa ndani ya nyumba za watu ambao hakuwajua. Ilikuwa sauti ya mwanamke mchangamfu, mwenye kazi na marafiki kazini, asiyejua litakalompata. Kuna siku alimwonea huruma mwanamke yule. Kuna siku alimchukia wazi wazi.

Lakini kwa kinyozi alikuwa anaweza kupita na kwenda zake. Nyumbani hakuwa na pa kupita.

Nyumbani kulikuwa na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bimkubwa. Kumbukumbu zake zilianza kumtoka polepole. Mwanzo alisahau mahali alipoweka funguo, kisha akasahau funguo ni za nini, kisha akaanza kuwauliza watu habari za mumewe aliyekufa zamani. Mama Habari, kitindamimba wake, ndiye aliyebaki naye. Alimwogesha, alimlisha, alimsuka nywele. Kando ya kitanda aliweka redio juu ya kigoda, kwa kuwa bibi yule alikuwa hapati raha bila redio.

Asubuhi moja aliingia na chai. Redio ilikuwa ikisoma habari za ufunguzi wa zahanati.

"Shh," Bimkubwa alisema, kidole mdomoni. "Mwanangu anasoma."

"Mama, ni mimi hapa."

Bimkubwa alimtazama kwa muda mrefu, kwa adabu zote anazopewa mgeni. Kisha akacheka kidogo. "Wewe? Mwanangu yule pale, yuko kazini. Mtu mmoja atakuwaje hapa na pale?"

Mama Habari akakisogelea kigoda. Alijaribu kuzima redio, na mama yake akapiga yowe la kuitia watu msiba. "Mmemnyamazisha! Mmemfanya nini mwanangu?" Ikabidi aiwashe, na uso wa mama ukanyooka pale pale. Tangu siku hiyo Mama Habari akawa mtu wa kuja kusaidia. "We mama," Bimkubwa alimwita, au "binti", au siku njema zaidi "mgeni wangu". Alimsifia kwa usafi. Alimhadithia habari za mwanawe wa redioni, jinsi alivyokuwa mtundu utotoni, jinsi alivyoanguka kwenye ngazi akapata kovu la goti. Mama Habari alisikiliza, goti lenye kovu likiwa limekunjwa mbele ya mama yake, akaitikia, "Kumbe."

Ilimuuma. Usiniambie mtu anazoea jambo kama hilo.

Kisha maji yakaharibika. Bomba kubwa lilipasuka karibu na mtaro wa maji machafu, na kabla ya mafundi kulikuta, watu wa mitaa ya bondeni walikuwa wameshaanza kuharisha na kutapika. Bwana Afya wa mji alipita na gari lenye kipaza sauti, akitangaza kwamba maji ya bomba yasinywewe bila kuchemshwa. Gari lilipita barabara kuu tu, maana vichochoroni halikuingia, na kipaza sauti kilikoroma kiasi kwamba nusu ya watu walidhani ni matangazo ya sabuni.

Siku hiyo hiyo, saa sita mchana, kompyuta ya Tajiri ikajichagulia taarifa.

"Idara ya Maji imethibitisha leo," sauti ya Mama Habari ilisema kutoka kila kibaraza, "kwamba kazi ya kusafisha matangi imekamilika. Maji ya bomba ni safi na salama, na wananchi hawana haja tena ya kuyachemsha."

Aliisikia akiwa anakata kitambaa. Mkasi ukaenda kombo. Aliikumbuka taarifa ile. Alimpigia mhandisi mwenyewe kabla ya kuisoma, akahakikisha, na ilikuwa kweli kabisa, mwaka jana.

Alitoka mbio kwenda kwa jirani yake, Mama Pacha, waliyechangia naye bomba la uani. Alimkuta anajaza ndoo.

"Usiwape watoto hayo maji!"

Mama Pacha alimkodolea macho. "Mbona umesema mwenyewe sasa hivi ni salama?"

"Ile ni ya zamani, jirani. Si unajua ni marudio?"

"Najua ni marudio." Mama Pacha alifunga bomba. "Lakini nitajuaje lipi ni la zamani na lipi si la zamani? Sauti ni ile ile. Leo ni ile ile. Wengine huku wanasema umerudishwa kazini." Akashika kiuno, akageuka kutazama mlango wake. "Kulwa anatapika tangu asubuhi. Nikadhani ni maembe mabichi."

Kulwa alipelekwa zahanati mgongoni kwa baba yake. Mama Habari alizunguka mlango kwa mlango akiwaambia watu wachemshe maji, na kila mlango alikutana na uso ule ule, wa mtu anayeambiwa na mtu mmoja mambo mawili. Wapo waliomwamini. Wapo waliomwambia kwa upole kwamba huenda ana machungu ya kufukuzwa kazi. Mzee mmoja alimfokea: "Unatutisha wewe, na redio imesema!" Sauti iliyosema hivyo redioni ilikuwa yake, na mzee alikuwa anaijua tangu siku nyingi, akaichagua ile ya redioni.

Mchana huo na siku iliyofuata kompyuta iliirusha taarifa ile tena. Sijui ni ibilisi gani aliyekaa ndani ya mashine ile.

Nyumbani, Bimkubwa alikuwa ameisikia mara zote. Mama Habari alichemsha maji, akayapoza kwenye mtungi, akamletea kikombe. Bibi alionja, akatema.

"Haya yana moshi."

"Nimeyachemsha, mama. Ya bomba ni mabaya."

"Mwanangu amesema ni mazuri. Hana tabia ya kusema uongo." Akakisogeza kikombe. "Niletee ya bomba."

Alimbembeleza. Alitia ndimu, alitia sukari, alibadilisha kikombe. Alisema kwa sauti ile ya kusomea habari, polepole na kwa kituo, na Bimkubwa akacheka kama anayeona kichekesho cha mtoto. "Unamwigiza vizuri," alisema. Jioni alianza kumtazama kwa jicho jingine. Asubuhi alikataa na chai.

"Nakujua unachotaka," Bimkubwa alimwambia, sauti imekauka kwa kiu. "Umetia kitu humo. Unataka nife ubaki na nyumba ya mwanangu."

Mama Habari aliweka kikombe chini. Katika yote aliyowahi kuambiwa na mama yake, mazuri na mabaya, hakuna lililomkata maini namna ile. Alitoka nje, akasimama ukutani, akalia. Aliporudi ndani, kitanda kilikuwa kitupu.

Alimkuta uani, ameinama mbele ya bomba, kikombe cha bati mkononi, maji yanamiminika. Alimrukia, akamshika mkono, kikombe kikaanguka. Hakujua kama mama yake alikuwa ameshakunywa. Bimkubwa alipiga kelele za mtu anayeibiwa. Watu wakajaa getini. Aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Pacha, ambaye hakuwa amelala, kwa sababu Kulwa alikuwa bado zahanati, ametundikiwa dripu mkononi.

"Ananinyima maji!" Bimkubwa aliwaambia wote. "Mwanangu akitoka kazini atajua! Mwacheni atoke tu!"

Mama Pacha alimkumbatia bibi, akamkalisha kwenye gogo. Akamwambia Mama Habari, bila kumtazama, "Huyu hatakusikiliza wewe. Atamsikiliza mwanawe tu."

Hakukusudia kuumiza. Alisema ukweli ulivyo. Lakini Mama Habari alisimama palepale akiyageuza maneno yale, kisha akaenda ndani, akavaa viatu.

"Kaa naye, jirani. Bomba lifunge kwa waya. Na redio usiizime, hata akilala."

Kituo kilikuwa mwendo mfupi kupanda kilima. Alikwenda nusu akitembea, nusu akikimbia, na sauti yake ikampokea kwenye kila kona, ikitangaza maonyesho ya kilimo. Fundi alikuwa uani anafua shati lake kwenye karai. Alipomwona, alitabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Dada, usiniambie unataka kuingia."

"Nataka kuingia."

"Unga wangu utamwagika." Alifuta povu mikononi. "Kompyuta ikisimama hata kidogo, simu ya Tajiri inalia huko aliko. Ameitegesha mwenyewe."

"Basi ifute ile taarifa ya maji. Sihitaji kusema. Ifute tu, niende zangu."

"Nitaifuta vipi? Nilipozimimina mle sikuandika majina, ni namba tupu. Maelfu. Nimeshajaribu tangu jana, dada, unadhani mimi si mtu? Mpaka niipate lazima nizisikilize zote, na kuzisikiliza zote ni kuzeeka." Akakamua shati. "Mdogo wangu anakaa bondeni. Nyumbani kwake wamelazwa watatu."

Walitazamana. Kisha Fundi akatoa funguo mfukoni, akazihesabu kama asiyezijua.

"Nitasema panya wamekata waya," alisema. "Panya wamejaa humu, na hawana wa kuwatetea."

Chumba cha kusomea kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Trei za mayai walizobandika ukutani kuzuia mwangwi zilikuwa zimeanza kubanduka, na maikrofoni ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha meza alichokishona yeye mwenyewe. Nyuma ya kioo, kompyuta ilikuwa inawakawaka taa ndogo, na kwenye kipaza sauti cha ukutani yeye alikuwa anaendelea kusoma. Alikaa kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza alikuwa ndani ya chumba kimoja na yule mwanamke. Alihisi amemkalia mtu mapajani.

Fundi aliinua mkono nyuma ya kioo. Yule mwanamke alikatika katikati ya neno. Taa nyekundu ikawaka.

Mji mzima ukanyamaza. Baadaye watu walisema waliacha walichokuwa wanafanya, kwa sababu redio ile haikuwa imenyamaza tangu ilipouzwa.

Mama Habari alikitoa kitambaa kwenye maikrofoni. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwenye kituo kile: alitaja tarehe. Alitaja siku, mwezi na mwaka, akairudia.

"Mimi ni msomaji wenu," alisema. "Niko hai, niko hapa, naongea sasa hivi. Bomba kubwa limepasuka na maji machafu yameingia. Msinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Yachemsheni mpaka yatokote kabisa. Anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari, apelekwe zahanati upesi. Bwana Afya akipita na gari lake, msikilizeni, anasema kweli."

Sauti yake haikuwa ile. Aliisikia mwenyewe. Ilikuwa imekwaruza, ilikuwa na pumzi za kilima ndani yake.

"Baada ya hapa mtanisikia tena nikisema maji ni salama. Huyo ni mimi wa mwaka jana. Msimsikilize. Hana kosa, ila hajui."

Alikuwa amemaliza. Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono kurudisha kompyuta. Mama Habari akamzuia kwa kiganja. Alijua sasa aliloliendea pale, na alijua bei yake. Alivuta pumzi, akajinyoosha mgongo, akaitafuta ile sauti ya zamani, ile changamfu, ya mwanamke mwenye kazi na marafiki. Akaipata. Ilikuja bila taabu, na hilo ndilo lililomwogopesha.

"Nina salamu moja," alisema kwa sauti ile. "Namsalimu mama yangu, Bimkubwa, popote alipo nyumbani. Shikamoo mama. Mimi kitindamimba wako, niko kazini, nitachelewa. Hapo nyumbani yupo mama mmoja nimemtuma mimi akutunze. Ni mtu mwema, usimwogope. Maji atakayokupa ni mimi nimeyachemsha, nikampa akuletee. Kunywa, mama. Chochote atakachokupa yeye, jua kimetoka kwangu."

Alisimama haraka. Nyuma ya kioo Fundi alikuwa amegeuka ukutani, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Taa ikazimika, na yule mwanamke akarudi, akaendelea na maonyesho ya kilimo. Simu ya Fundi ilianza kulia kabla Mama Habari hajafika mlangoni.

"Nenda, dada," Fundi alisema. "Panya, nimesema. Nenda."

Njiani watu walitoka vibarazani. Kinyozi alimwinulia kitana. Yule mzee aliyemfokea alikuwa anapuliza moto chini ya sufuria, hakuinua macho, akasema tu, "Tumesikia, mama." Moshi ulikuwa umeanza kupanda nyuma ya nyumba nyingi. Angeweza kufurahi. Alifurahi, kidogo, na miguu ikaendelea kumpeleka.

Mama Pacha alikuwa amekaa kizingitini. Aliinuka kumpisha, akamgusa bega.

Bimkubwa alikuwa kitandani, redio kwenye kigoda, uso unang'aa. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mama Habari alisimama mlangoni hasa, hakuingia, kama afanyavyo mgeni.

"Hodi," alisema.

"Karibu, karibu!" Bimkubwa alimnyooshea mikono miwili. "Njoo hapa. Mbona hukuniambia kwamba amekutuma yeye? Nimekutukana bure, mtoto wa watu. Nisamehe."

"Hakuna neno, mama."

"Umesikia alivyonisalimu? Mji mzima umesikia. Yako wapi hayo maji yake?"

Alimimina kwenye kikombe cha bati, akamshikia kichwa. Bimkubwa alikunywa chote bila kupumzika, kwa sauti, maji yakimtiririka kidevuni. Akaomba kingine, akakimaliza. Alijifuta mdomo, akalala chali, ameridhika. Madhara ya maji aliyoyanywa pale bombani, kama aliyanywa, yangejulikana kesho. Mama Habari alikuwa ameshaandaa chumvi na sukari.

"Yana moshi kidogo," Bimkubwa alisema, "lakini ni matamu. Ameyachemsha mwenyewe."

"Ndiyo."

"Nawe una sauti ya uchovu." Bibi aliuchukua mkono wake, akavikagua vidole vyenye alama za sindano. "Nawe una mama?"

"Ninaye."

"Yuko mbali?"

Redioni, mwanamke mchangamfu alisema leo kutakuwa na jua. Mama Habari alitazama mkono wake ulivyolala ndani ya mkono ule mwingine, mkavu, wenye mishipa.

"Si mbali sana," alisema.

"Basi nenda kamwone, mwanangu, usimtupe kwa ajili yangu." Bimkubwa aliuachia mkono, akaupigapiga mara moja. "Mimi wangu anakuja."

Mama Habari alisema ahsante, atakwenda. Alikichukua kikombe, akakipeleka jikoni kukisuuza kwa maji ya moto, kisha akarudi, akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda.